Kutoka na watoto Nairobi bila kumaliza mfuko: anza na nauli ya kurudi

Mzazi akiamua kuwatoa watoto Jumamosi, swali la kwanza huwa, "Wapi kiingilio ni rahisi?" Ni swali zuri ila limewahi mno. Kiingilio ndiyo gharama pekee ambayo bei yake imebandikwa ukutani ukaisoma mapema. Pesa nyingi huishia kwingine: matatu mbili kwenda na mbili kurudi, maji ya chupa kwa kila kichwa, chipsi, yule anayechora chui usoni, na nusu saa ya kurukaruka ambayo mtoto hataki iishe. Kuna familia huingia mahali pa bure na kutoka na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa.

Mwongozo huu ni wa familia isiyo na gari, yenye watoto wa miaka minane kushuka chini. Mwenye gari aruke habari za matatu, asome mengine.

1. Mpime mdogo kuliko wote

Mkubwa atapenda popote. Mdogo ndiye atakayeamua mtakaa saa ngapi, mtatembea umbali gani, na kama baba atarudi nyumbani na mgongo mzima. Jiulize: huyu wa mwisho hulala saa ngapi mchana? Jumamosi mkienda sokoni, huomba kubebwa kabla ya kufika kwa mama mboga wa pili? Basi sahauni msitu mkubwa kwa sasa, hata kama majirani wanausifu.

Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu, saa mbili au tatu za mchezo zinatosha kabisa. Zaidi ya hapo unalipia kilio. Kwa hiyo chagua mahali pamoja tu. Mpango wa "asubuhi twiga, mchana makumbusho, jioni aiskrimu mjini" ni wa watu wazima wenye gari na dereva.

2. Toa nauli ya kurudi kabla ya kitu kingine chochote

Amua kiasi chote cha siku hiyo. Kisha kata nauli ya kurudi, itoe iwe noti, iweke mfuko wake peke yake. Ikate kwa bei ya jioni, tena jioni ya mvua, maana matatu ya Nairobi haina bei moja. Wingu likitanda tu saa tisa, nauli imeshapanda kabla tone halijaanguka.

Tuchukue mfano wa wazazi wawili na watoto wa miaka minane, mitano na miwili. Wawili wadogo wanapakatwa, kwa hiyo mnalipia viti vitatu. Tuseme asubuhi nauli ya kwenda mjini ni shilingi 80: hiyo ni 240. Jioni imefika 100: ni 300. Hapo mna 540, na hamjatoka katikati ya mji. Mkihitaji gari la pili la shilingi 50 kwa kiti, ongeza 150 za kwenda na 150 za kurudi. Jumla 840. Weka nauli za kwenu mahali pa hizo zangu, utaona kwamba lile gari la pili mara nyingi linazidi kiingilio chenyewe.

Suala la kupakata limalizeni kwenye steji, si mkiwa mmeshafika Jogoo Road. Makanga atamtazama yule wa miaka mitano na kusema, "Mathe, huyo ni mkubwa, analipa."

"Huyu nampakata."

"Sawa, lakini asikalie kiti watu wakiingia."

Mmeelewana. Mkipanda bila neno hilo, ubishi utakuja gari likiwa limejaa na abiria wote wanakutazama.

3. Chagua kwa njia ya gari lenu, si kwa picha

Ukiangalia ramani ya mji huu utaona jambo ambalo mtu wa Kayole, Dandora au Umoja analijua kwa miguu yake: karibu kila penye miti na nafasi ya watoto kukimbia pako upande wa magharibi na kaskazini. Karura, City Park, Arboretum, makumbusho, Lang'ata. Kwa wa Eastlands, kwenda kokote ni kupita mjini kwanza. Hilo si kosa la mzazi, ila ndiye anayelilipia.

Kwa hiyo, kama gari lenu linaishia mjini, anzeni na mahali mnapoweza kufika kwa mguu: Uhuru Park, Makumbusho ya Reli, na kama watoto wanatembea vizuri, Arboretum. Jumapili asubuhi mji huwa mtupu, mikokoteni na wachuuzi wamepungua, na kuvuka barabara na watoto watatu kunawezekana bila moyo kuruka.

Wa Kangemi, Uthiru, Kinoo na Kikuyu wana bahati: gari la Waiyaki Way huwashusha Museum Hill, mlangoni mwa makumbusho. Wa Rongai na Kiserian nao, matatu za 125 na 126 hupita Lang'ata Road mbele ya lango kuu la mbuga ya Nairobi. Ukikaa njia hiyo, usihangaike kuja mjini.

4. Sasa ndiyo uchague mahali

*Makumbusho ya Reli.* Hapa ndipo ningempeleka mtoto wa miaka minne hadi minane kabla ya mahali pengine popote, na nashangaa ni wazazi wangapi hawajawahi kuingia. Pako karibu na stesheni ya zamani ya reli, pamekuwa wazi tangu mwaka 1971. Nje kumepangwa injini kubwa za moshi, nyeusi, na watoto hupanda, hushika vyuma, hujifanya madereva. Hakuna kioo kinachosema usiguse. Kuna pia behewa ambalo mwaka 1900, pale stesheni ya Kima, simba aliingia usiku na kumtoa humo ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, aliyekuwa amekuja kumwinda simba huyohuyo. Mkubwa wako atataka kuisikia hadithi hiyo mara tatu. Mdogo mwambie tu kwamba simba alipanda treni. Na panatosha kumalizika kwa saa mbili.

*Makumbusho ya Taifa, Museum Hill.* Pazuri kwa siku ya baridi au ya mvua kwa sababu sehemu kubwa ni ndani. Uani kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970. Alikufa mwaka 1974. Simamisha watoto chini ya pembe zake, piga picha, ndiyo kumbukumbu ya siku. Ndani, usijaribu kusoma kila maandishi. Nenda kwenye wanyama na ndege, kisha toka. Nyoka wana sehemu yao. Ulizia bei yake kando kabla ya kuwaahidi watoto, maana ukishatamka neno nyoka hakuna kurudi nyuma.

*Arboretum.* Ilianzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya kujaribu ni miti gani ya kigeni ingekua vizuri hapa kwetu, na ndiyo maana utakuta miti ya kila umbo. Ni karibu ekari 75, nyasi nyingi, vivuli, njia zinazosukumika kigari cha mtoto. Kiingilio kimekuwa cha chini miaka yote. Hakuna cha kufanya zaidi ya kukimbia, kula na kulala chini ya mti, na kwa mtoto wa miaka mitatu hayo yanatosha. Tatizo ni tumbili. Nitawarudia kwenye chakula.

*Uhuru Park.* Ilifunguliwa mwaka 1969, ikafungwa kwa ukarabati, ikafunguliwa tena. Ukiwa umekaa kwenye nyasi, mweleze mkubwa kwamba mwaka 1989 palitaka kujengwa jumba la ghorofa 60 hapo, na Wangari Maathai akapinga hadi mradi ukafa. Onyo langu ni moja: sikukuu. Krismasi na Mwaka Mpya nusu ya Nairobi iko pale, na mtoto mwenye mkono mtelezi hupotea kwa dakika moja. Nenda siku ya kawaida.

*City Park, Limuru Road.* Ni bustani ya umma, pana miti mikubwa na tumbili wengi. Kaeni sehemu yenye watu, msiingie vichochoro vya ndani.

*Karura.* Ni msitu mzuri kuliko yote mjini, wenye maporomoko ya maji, mapango yaliyotumiwa na Mau Mau, baiskeli za kukodi. Lakini kutoka lango la Limuru Road hadi maporomoko si karibu, na njia ya kurudi ni ileile. Kwa watoto wa miaka sita kwenda juu, sawa. Kwa mdogo, kaeni nyasi za karibu na lango, msijifanye mnaenda mapangoni.

*Lang'ata.* Hapa watu huchanganya. Mbuga ya Nairobi, Safari Walk na kituo cha wanyama yatima viko pamoja kwenye lango kuu, lakini kila kimoja kina tiketi yake. Mbuga yenyewe inataka gari, kwa hiyo kwa familia ya matatu si ya bei nafuu hata kiingilio kikiwaje. Safari Walk ni njia ya mbao iliyoinuliwa, unatazama wanyama kutoka juu. Kituo cha yatima ni kifupi, na simba yuko karibu kiasi cha mtoto kukushika mguu. Mwenye watoto wadogo achague kituo cha yatima, aache vingine viwili. Kingine cha Lang'ata ni kituo cha twiga, ambako mtoto hulisha twiga kwa mkono wake mwenyewe, na ulimi wa twiga ni mrefu, una mate, watoto hupiga mayowe ya furaha. Ila kutoka barabara ya matatu bado kuna mwendo. Hesabu boda au teksi ya kuitwa kwa programu ya simu, kwenda na kurudi.

*Maduka makubwa.* Yanaonekana bure. Hewa safi, vyoo visafi, ngazi zinazopanda zenyewe. Lakini kila hatua kumi kuna kitu kinachowaka taa na kuomba pesa, na mchezo hulipishwa kwa dakika. Kama hamna budi, mtoto ale kwanza nyumbani, na aambiwe mapema atacheza kimoja.

Kama mnatamani mahali pa mbali zaidi, kama Ngong Hills au njia ya msituni ya Oloolua kule Karen, ungeni familia tatu za ploti au za chama mkodi nisani ya abiria 14 siku nzima. Kubalianeni na dereva kwa maandishi ya simu: mafuta ya nani, atasubiri hadi saa ngapi, na akichelewa itakuwaje. Gawanya, mara nyingi inakaribiana na nauli za kuungaunga, na hakuna kugombania viti.

5. Malizana na tiketi usiku wa kuamkia

Sehemu zinazosimamiwa na serikali zimeacha kupokea pesa taslimu. Mnalipa kwa simu, na nyingi hupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma na malipo. Kulipia langoni na watoto watatu wanavuta sketi, mtandao umekwama na foleni iko nyuma yako, ni mwanzo mbaya. Fungua akaunti, thibitisha nenosiri bado unalikumbuka, uone bei ya siku hiyo. Usitegemee bei ambayo jirani alilipa mwaka jana, maana hubadilika.

Angalia mambo mawili. Kwanza, bei ya raia ni tofauti na ya mgeni, na wanaweza kuomba kitambulisho, kwa hiyo kila mtu mzima abebe chake. Pili, umri ambao mtoto anaingia bure. Kila mahali pana mstari wake, na ukiwa na mtoto aliye kwenye mstari huo, picha ya cheti chake cha kuzaliwa kwenye simu humaliza maneno.

6. Chakula kitoke nyumbani, na kisiwe kwenye plastiki

Chapati zilizopikwa usiku na kukunjwa, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi, njugu. Chai au uji kwenye themosi. Usibebe kitu chenye mchuzi, kwa sababu utanawisha mikono sita kwa maji ya kunywa. Wali wa pilau kwenye hotipoti unakubalika kama kuna anayejitolea kubeba hotipoti.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga na misitu ya serikali. Hizo ni pamoja na chupa za maji, sahani na vijiko vya kutupa. Chupa ya dukani inaweza kuishia langoni. Beba chupa za chuma au zile ngumu za shule, kila mtoto na yake, na sahani za nyumbani.

Kuhusu tumbili: hawaogopi watu, na wanatambua mfuko wa chakula kuliko mtoto wako anavyoutambua. Mtoto asitembee na ndizi mkononi. Kula pamoja, haraka, mmekaa katikati ya nyasi si chini ya tawi, na mfuko ufungwe kila baada ya kutoa kitu. Akinyakua, mwachie. Chapati moja haistahili mkwaruzo, na mkwaruzo wa tumbili unakupeleka hospitali kwa sindano.

Mengine ya kubeba ni machache: leso mbili (moja ya kukalia, moja ya kumfunga mdogo mgongoni), nepi na nguo moja ya kubadilisha, karatasi za chooni, sarafu za choo cha mjini, na sweta hata kama jua linawaka. Mwezi wa saba, sweta mbili.

7. Siku na saa

Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, fupi Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo likizo ya Aprili ni ya makumbusho na ya Agosti ni ya nyasi, ingawa asubuhi za Agosti zina baridi. Mkiweza kutoka siku ya kazi wakati wa likizo, fanyeni hivyo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila mtu ana pesa na kila mahali pamejaa. Ya katikati ya mwezi ni tulivu. Januari, yaani Njaanuari, ada zimekula kila kitu, nendeni bustani ya bure na uji.

Mfike saa tatu asubuhi. Watoto wana nguvu, jua halijakaza, vivuli bado havijachukuliwa.

8. Langoni, kabla ya kuingia

Wasimamishe. Mwambie kila mmoja atanunuliwa kitu kimoja, na achague mwenyewe: aiskrimu, au kuchorwa uso, au kurukaruka. Kimoja. Akitumia mapema, yamekwisha. Watoto wa miaka mitano huelewa mpango huu vizuri ajabu, tena hugeuka mabahili, wanazunguka vibanda vyote kabla ya kuamua. Bila mpango, vitu vitatu vya shilingi 100 kwa watoto watatu ni 900, na hiyo imezidi nauli ya siku nzima tuliyoihesabu juu.

Piga picha ya kila mtoto alivyovaa asubuhi hiyo. Mtu akipotelewa, akili huganda, hukumbuki kama sweta ilikuwa nyekundu au ya samawati. Andika nambari yako ya simu kwa kalamu kwenye mkono wa ndani wa mdogo, si kwenye karatasi mfukoni. Onyesha kitu kikubwa kinachoonekana, injini fulani, sanamu, mti, kwamba "ukituacha, simama hapa usitoke", na ukubaliane na mwenzako nani anamwangalia nani. Watu wazima wawili wanaowaangalia watoto watatu "wote pamoja" hawamwangalii yeyote.

9. Ondokeni wakiwa bado wanacheka

Hata mkichelewa vipi, saa nane mchana kunja leso. Watalalamika, na ni sawa. Mkingoja saa kumi, Lang'ata Road na Waiyaki Way zimeanza kufunga, nauli imepanda, na yule wa miaka mitano mliyekuwa mnampakata amelala kama gunia na hakuna tena kiti cha kujitanua. Watangazieni mara mbili, nusu saa kabla na dakika kumi kabla, kisha kwenda chooni wote, hata anayesema hana haja. Kwenye steji pandeni gari linalokaribia kujaa, si lile tupu lenye muziki mkubwa, kwa sababu gari tupu litawakalisha hapo dakika 40 huku wauza soda na njugu wakipita dirishani, na watoto wameshaanza kuona kiu.